Pim ameondoka: Nani sasa atawafunza watoto wa ziwani?

KABLA jua halijachomoza, mitumbwi ya wavuvi wa omena huanza kurejea ufuoni Asembo Bay, taa zikiwa zimezimwa na nyavu zingali zinachuruza maji. Akina mama huwa wamefika zamani na mabeseni yao. Miongoni mwao utawaona watoto ambao baada ya saa mbili hivi watakuwa wamesimama gwarideni shuleni, wakiimba wimbo wa taifa. Wamekuja kumsaidia mama, shangazi au nyanya kubeba na kuanika.

Mtoto hujifunza mengi pale ufuoni. Hujifunza kupima kwa gorogoro, kusoma upepo na kumtambua mteja mjanja. Hujifunza pia kwamba mwanamke asiye na fedha anaweza kupata samaki kwa njia nyingine. Njia hiyo ina jina lake, jaboya, na ni vigumu kumpata mtoto wa miaka kumi anayeishi kando ya ziwa ambaye hajawahi kulisikia. Jaboya ni mvuvi au mwenye chombo ambaye humpa mchuuzi samaki kabla ya wenzake, na malipo anayoyataka hayaishii kwenye pesa. Hakuna mwalimu aliyewahi kuliandika neno hilo ubaoni. Hata hivyo limefundishwa likaeleweka.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, tunapobishana ikiwa mtoto wa shule ya msingi anafaa kufunzwa habari za mahusiano, tunabishana juu ya jambo ambalo limekwisha kutendeka. Anafunzwa kila alfajiri. Kinachobaki ni kuuliza nani mwingine atazungumza naye, na atamwambia nini.

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa shule za msingi zilizo chini ya ufadhili wa Kanisa Katoliki katika eneo la Rarieda, Kaunti ya Siaya, na kote katika Jimbo Kuu la Kisumu. Wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu mwanzoni mwa karne ya 20, na popote walipojenga kanisa walijenga na darasa. Pale Lwak, Asembo, utaona jinsi misheni ilivyokuwa: kanisa, masista, shule na hospitali mahali pamoja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo inamtambua mfadhili na kumpa sehemu katika malezi ya kiroho ya wanafunzi. Kanisa basi lina mlango wa kuingilia. Kuna mashirika mengi yenye fedha yanayoutamani mlango huo.

Nyumba ya pim

Wajaluo wa kale hawakuliacha jambo hili lijitendekee. Bomani kulikuwa na nyumba iliyoitwa siwindhe, na humo aliishi mwanamke mzee, pim. Wasichana walilala kwake, na wavulana wadogo pia kabla hawajafikia umri wa kuhamia simba, nyumba ya vijana wa kiume. Usiku kulikuwa na hadithi na vitendawili, na katikati ya hadithi yaliingizwa mambo mazito: ukoo upi ni ndugu zako usioweza kuoa wala kuolewa kwao, mwili hubadilika vipi, mwanamume akikuita kando ufanye nini.

David William Cohen na mwanahistoria wetu E.S. Atieno Odhiambo, waliochapisha kitabu juu ya Siaya mwaka 1989, walimpa pim nafasi kubwa. Jambo moja waliloeleza hunivutia mno. Aghalabu pim hakuwa mzaliwa wa ukoo ule aliokuwa akiulelea watoto. Alikuja na maarifa kutoka kwingine. Nami naongeza la kwangu: kwa kuwa hakuwa mama mzazi, mtoto aliweza kumwuliza mambo ambayo angeona haya kumwuliza mamaye. Isitoshe, pim alikuwepo. Leo usiku, kesho usiku, na msimu ujao wa mvua angali palepale. Hakuwa mgeni wa siku moja anayekuja na mabango, akala chakula cha mchana, akaondoka na orodha ya waliohudhuria.

Nisieleweke vibaya. Siwindhe haikuwa paradiso, na msichana wa zamani aliandaliwa kuolewa katika umri ambao sheria ya leo inamwita mtoto. Lakini kazi aliyoifanya pim ilikuwa kazi, na ilipokosa mfanyaji haikutoweka. Shule, mabweni na ajira za mjini zilimpokonya watoto. Kisha ukaja ukimwi, ukakibomoa kizazi cha kati. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulipata kuwa watu wazima 4.9 kati ya kila 100 nchini Kenya walikuwa wakiishi na virusi vya ukimwi. Siaya walikuwa 15.3, Kisumu 17.5 na Homa Bay 19.6. Nyanya wengi wa leo katika vijiji hivi si pim wa kusimulia hadithi. Ni mama kwa mara ya pili, aliyezika watoto wake na sasa anatafuta karo na unga wa wajukuu, na ikifika saa mbili usiku amekwisha kulala kwa uchovu.

Moshi wa Uhuru Park

Wasomaji wa rika langu wanaukumbuka mwaka 1996. Mwezi Agosti, Kadinali Maurice Otunga, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Nairobi, aliongoza waumini katika bustani ya Uhuru Park kuteketeza mipira ya kondomu na vitabu vilivyozungumzia ngono na ukimwi. Picha ile ilisambaa, na hadi leo ukitaja shule ya Kikatoliki na elimu ya kijinsia katika sentensi moja, wapo wanaonusa moshi. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi aliutangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, na mafunzo juu yake yakaanza kuingizwa shuleni. Mwaka 2008 kukaja kipindi cha stadi za maisha, mara moja kwa juma. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 ukaleta kipindi cha malezi ya kidini, nacho pia ni mara moja kwa juma.

Wengi husahau kwamba Kanisa halikuwahi kusema watoto wasifunzwe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la Oktoba 1965, ulitaka vijana wapewe elimu ya kijinsia iliyo chanya na yenye busara, kulingana na umri wao. Papa Fransisko alilirudia jambo hilo kwa kirefu mwaka 2016 katika Amoris Laetitia. Ugomvi ulikuwa juu ya nini kifunzwe, na nani afunze. Ndani ya Kanisa hilohilo walikuwepo waliofanya kazi badala ya kuwasha moto. Nchini Uganda, Sista Miriam Duggan, daktari wa hospitali ya Nsambya mjini Kampala, alishiriki kuanzisha Youth Alive mwanzoni mwa miaka ya 1990. Humo vijana waliongozwa kutazama maisha yao yalivyo, kuona yanakowapeleka, kisha kuchagua. Mbinu hiyo ilivuka mipaka na kufika parokia nyingi za Afrika.

Shule ya Kikatoliki hufunza kujizuia hadi ndoa, na mzazi anayempeleka mtoto huko analijua hilo. Mimi sina ugomvi nalo. Lakini kujizuia ni shauri analopewa mtu mwenye hiari. Msichana wa darasa la sita ambaye nyumbani hapajapikwa tangu jana, na ambaye mwanamume wa umri wa baba yake anamnunulia chapati kila jioni, ana hiari kiasi gani? Hapo ndipo mafundisho mengi yanapokwama, ya Kanisa na ya wale wasio wa Kanisa.

Hesabu za Kisumu

Mwaka 1997 watafiti walipima virusi miongoni mwa wakazi wa mji wa Kisumu. Katika vijana wa miaka 15 hadi 19, wasichana walioambukizwa walikuwa zaidi ya 20 kati ya kila 100. Wavulana wa umri huohuo hawakufika watano. Soma tena tarakimu hizo polepole. Kama wasichana wangekuwa wakiambukizwa na wavulana wanaoketi nao darasani, hesabu ingekaribiana. Waliowaambukiza walikuwa wanaume wakubwa.

Miaka michache baadaye hesabu hizo zilipelekwa darasani. Mwaka 2004, katika shule za msingi za wilaya zilizokuwa Busia na Butere-Mumias, si mbali na huku, mtafiti Pascaline Dupas na wenzake walifanya jaribio. Katika shule 71 kati ya 328, mgeni aliingia katika darasa la nane, akaonyesha filamu fupi, akaandika ubaoni viwango vya maambukizi ya Kisumu kwa umri na jinsia, akazungumza na wanafunzi kwa muda wa kama dakika 40. Mwaka mmoja baadaye, mimba miongoni mwa wasichana wa shule hizo zilikuwa zimepungua kwa asilimia 28 zikilinganishwa na shule ambazo hazikuzuruliwa. Katika utafiti huohuo mpana, kuwapa walimu mafunzo juu ya mtaala rasmi wa ukimwi peke yake hakukupunguza mimba. Kilichosaidia, ajabu ya Musa, ni sare za bure: wasichana waliopewa sare walibaki shuleni zaidi, na baada ya miaka mitatu waliozaa walikuwa 13 kati ya 100 badala ya 16.

Sisemi tukaandike ubaoni takwimu za mwaka 1997. Dawa zimebadilisha mengi tangu hapo, na mtoto aliyezaliwa na virusi leo anaweza kuwa ameketi dawati la mbele, mwenye afya na akili kali kuliko wenzake. Ninachoking'ang'ania ni kwamba tunawafunza wasichana kuwaogopa wavulana wa darasa lao, kisha tunawatuma dukani kwa mtu mzima jioni. Tunawapanga wavulana upande huu na wasichana upande ule kanisani, na tunadhani tumemaliza kazi.

Kuhusu umaskini, wala tusiuzungushe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahoji wasichana na wanawake zaidi ya 3,400 katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, uligundua kwamba miongoni mwa waliokuwa na miaka 15 au chini, mmoja kati ya kumi alikiri kufanya ngono ili apate pesa za sodo. Za sodo, msomaji. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa ili serikali igawe sodo bure katika shule za umma. Ni jambo jema, na mzazi ana haki ya kwenda ofisini kuuliza zilifika lini mara ya mwisho.

Kisha janga la korona lilitupa somo ambalo hakuna aliyelitaka. Shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurejea hadi Januari 2021. Watafiti waliokuwa wakifuatilia wasichana wa shule za upili za kutwa katika Siaya waligundua kuwa waliokumbwa na kipindi hicho walikuwa katika hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo, wakilinganishwa na waliowatangulia. Lango la shule lililo wazi ni kinga, hata siku ambayo mwalimu hakufunza lolote la maana. Takwimu za afya za mwaka 2022 zilionyesha kuwa Siaya, wasichana 21 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba. Wastani wa nchi ulikuwa 15.

Sanduku la maswali

Tuseme basi mwalimu yuko tayari, na padre wa parokia amekubali. Aanzie wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa afya uliopitia shule za msingi za Nyanza ulizoesha shule kuweka sanduku la maswali. Ni sanduku la kawaida lenye tundu juu. Mtoto anaandika swali bila jina, analitumbukiza, na mwalimu analijibu mbele ya wote. Uzuri wake ni kwamba aliyeuliza hajulikani, na asiyethubutu kuuliza hupata jibu la bure. Ila sanduku linamdai mwalimu kitu kimoja kigumu: alisome swali kama lilivyoandikwa, bila kukunja uso. Akicheka, au akianza kumtafuta mwenye mwandiko ule, sanduku litakaa tupu hadi mwisho wa mwaka.

Halafu kuna suala la maneno. Mwalimu wa sayansi huvifunza viungo vya uzazi kwa Kiingereza, na mtoto akavipata vyote katika mtihani. Ukimtaka aseme kwa Dholuo, anatazama chini, kwa kuwa maneno aliyonayo ni ya matusi. Kwa Kiswahili hatuko bora sana. Tunaviita sehemu za siri, kisha siku hiyohiyo tunamwambia mtoto asikubali mtu mzima amtunzie siri. Mtoto akiguswa, atamweleza mama kwa lugha gani? Ataeleza ya mtihani, ambayo huenda mama haijui, au atatumia tusi na kuchapwa kofi kabla hajamaliza. Mimi naona kipindi cha kwanza chote kingetumika kwa jambo hili tu: kuwapa watoto maneno ya heshima, kwa lugha ya nyumbani, ambayo wanaweza kuyatamka mbele ya nyanya zao. Wazee wa kijiji na katekista wanaweza kusaidia kuyatafuta.

Baada ya hapo, zawadi. Mwalimu asimame na kuuliza darasa: Nyanya amekupa ndizi. Rafiki amekumegea nusu ya chapati yake. Kijana wa bodaboda amekubeba bure juma zima, na jana amekuambia usimwambie mama. Zawadi ipi ina kamba? Wape dakika kumi wabishane. Wataanza na kicheko. Baadaye mmoja atasema kwamba hata ndizi ya nyanya ina kamba, maana kesho utatumwa maji, na darasa zima litaangua kicheko tena. Lakini watakuwa wamefika. Kutumwa maji na nyanya si sawa na kuambiwa unyamaze. Zawadi inayokuja pamoja na agizo la kunyamaza irudishwe, na kama imekwisha kuliwa, isemwe hata hivyo. Hapo mwalimu asisitize sana, kwani mtoto aliyekwisha kula chapati ile hudhani amejifunga na hana tena haki ya kulalamika.

Isidhaniwe kwamba kipindi kizima ni cha kutishana. Mambo yanayowaliza watoto wa umri huo mara nyingi ni madogo machoni petu. Rafiki amehamia dawati jingine. Wamemcheka kwa kuwa viatu vyake vimetoboka, au kwa kuwa ananuka omena. Ameachwa nje ya mchezo wa kati. Kufunza mahusiano ni kufunza pia namna ya kusema pole bila kulazimishwa na fimbo, namna ya kugombana leo na kucheza kesho, na namna ya kumwambia mtu hapana bila kumdhalilisha. Msichana ambaye hajawahi kukubaliwa kusema hapana kwa dada yake mkubwa, kwa mwalimu wala kwa mjomba, hawezi kulipata neno hilo ghafla siku anayokutana na mtu mbaya. Na fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, ijapokuwa ukipita karibu na madirisha fulani utadhani habari hizo hazijafika.

Wavulana nao

Tunawazungumzia wasichana mpaka tunasahau kuwa nusu ya darasa inatusikiliza ikijua kwamba inazungumziwa kama chui. Mvulana wa Asembo ana yake. Anaitwa ziwani usiku kuvuta nyavu, na asubuhi anasinzia darasani. Anapata noti zake za kwanza kabla hajapata ndevu, na wanaume waliomzunguka chomboni wanamwonyesha noti hizo zinatumiwa vipi. Anakwenda disko matanga kwa sababu msiba ni wa jirani na hakuna atakayemkataza. Naye pia aweza kudhulumiwa kimwili na mtu mzima, na yeye hana hata maneno ya kulilia, kwani ameambiwa mwanamume halii.

Wavulana wapewe kipindi chao, na wapewe mwanamume wa kuzungumza nao ambaye haoni aibu kusema kwamba aliwahi kukataliwa na hakufa. Ningependa kumwona padre kijana akilifanya hilo. Kiapo chake cha kutooa kinampa, nadhani, jambo la kuwaambia juu ya kuishi na tamaa bila kutawaliwa nayo. Ila asihubiri. Aketi.

Kuna pia kilio. Katika darasa la watoto 50 huku ziwani huenda kukawa na kadhaa wasio na mzazi mmoja au wote wawili. Wengine wanameza vidonge kila jioni bila kuelezwa ni vya nini. Mwalimu akilijua hilo, sheria ya ukimwi ya mwaka 2006 inamkataza kulitangaza, na heshima inamkataza zaidi. Lakini hakuna sheria inayomkataza kumkumbuka marehemu katika sala ya asubuhi, kumwachia mtoto aliyefiwa muda wa kukaa kimya, au kumwuliza baada ya mwezi, wakati wageni wote wa matanga wamekwisha kwenda zao, kama analala vizuri. Hapa shule ya Kikatoliki ina hazina ambayo nyingine haina. Inajua kuombea wafu, ina Novemba yake, ina wimbo na mshumaa. Mtoto huhitaji mahali pa kuuweka msiba, na ibada ni mahali.

Mtoto akisema

Yote haya yanafika kwenye siku moja. Baada ya kipindi, mtoto anabaki nyuma, anajifanya anafuta ubao, kisha anasema. Siku hiyo ndiyo mtihani wa somo lote, na anayetahiniwa ni mwalimu.

Mwalimu asiyejua la kufanya atamwambia aende nyumbani akamwombe Mungu. Au atamwita baba, na baba atakwenda kwa yule mwanamume, na baada ya vikao viwili vya jioni kutakuwa na ng'ombe au bahasha, na mtoto ataambiwa mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inasema anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 atafungwa si chini ya miaka 20, na mtoto akiwa na miaka 11 au chini, kifungo ni cha maisha. Sheria haimpi baba, chifu wala paroko ruhusa ya kupokea mbuzi badala ya kesi. Simu ya watoto, nambari 116, haitozwi pesa. Mtoto aliyedhulumiwa akifikishwa hospitalini mapema, kabla ya saa 72 kupita, anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi. Saa hizo ndizo zinazopotea katika vikao vya jioni.

Na ikiwa anayetajwa ni mwalimu? Waraka wa Tume ya Huduma za Walimu wa mwaka 2010 ulimwekea kila mwalimu wajibu wa kuripoti, na anayemficha mwenzake ana kosa. Na ikiwa ni mtu wa Kanisa? Kanisa limejifunza hili kwa machungu katika mabara mengi, na Mei 2019 Papa Fransisko alitoa amri inayowataka mapadre na watawa kote duniani waripoti dhuluma wanazozijua. Shule inayotaka kufunza mahusiano yafaa iliweke hilo wazi mbele ya wazazi kabla ya somo la kwanza: mtoto akisema, aandikiwe wapi, nani atampeleka hospitalini, nani atapiga simu, na kama anayetuhumiwa ni mkubwa wa hapa, nani aliye juu yake. Ukimwomba mtoto afungue kinywa na hujui utafanya nini na maneno yake, ni heri ungemwacha na hesabu zake.

Nimewasikia walimu wakisema hawana muda, na siwalaumu wote. Shule za msingi sasa zinabeba pia madarasa ya sekondari msingi, yaliyoanzia humo Januari 2023, na wazazi bado wanaipima shule kwa alama tu. Kipindi cha malezi kinapangwa, kisha Ijumaa inapofika kinamezwa na marudio ya hisabati au mazoezi ya kwaya kwa ajili ya ziara ya askofu.

Kwa hivyo mkutano wa wazazi ukiitishwa muhula huu, nenda. Wakimaliza habari za choo na ua, inua mkono uulize kipindi kile kinafunzwa na nani, na Ijumaa iliyopita watoto walizungumzia nini. Ukiambiwa kilitumiwa kwa hisabati, usigombe. Uliza kitalipwa siku gani.